Je, kugeuza shavu la pili ni kumnyamazia mtawala dhalimu?

Msomaji mmoja kutoka Kenya, ambaye ni katibu wa vijana katika usharika wake, ameandika hivi: "Vijana kadhaa wa mtaa wetu walikamatwa baada ya maandamano, na wengine walikaa kizuizini siku nyingi bila kufikishwa mahakamani. Tulipotaka kulizungumza jambo hilo kanisani, tuliambiwa kwamba Warumi 13 inatuamuru kuitii serikali, na kwamba Yesu alitufundisha kugeuza shavu la pili. Baadhi ya wenzangu sasa wanasema dini hii imetufanya wanyonge na kwamba haki haipatikani ila kwa mawe. Je, Mkristo anaweza kupinga utawala dhalimu bila kutenda dhambi? Na akikataa kutumia nguvu, anabaki na nini mkononi?"

Ndugu yangu,

Umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo gumu zaidi. La kwanza nitalijibu bila kuzunguka: Mkristo anaweza kupinga utawala dhalimu bila kutenda dhambi, na zipo nyakati ambapo dhambi ni kutoupinga. Sidhani kwamba waliowanyamazisha kwa aya mbili za Biblia walikusudia kuwapotosha. Wamerithi usomaji uliokaa makanisani mwetu kwa muda mrefu, na ambao watawala wa kila enzi wameupenda kwa sababu hauwagharimu chochote. Usomaji huo, hata hivyo, hausimami pale aya hizo zinaposomwa pamoja na maisha ya wale waliozitamka.

Tuanze na shavu. Injili ya Yohana, sura ya 18, inasimulia kwamba Yesu alipokuwa akihojiwa mbele ya Anasi, mmoja wa watumishi waliosimama karibu alimpiga kofi, akidai kwamba amemjibu kuhani mkuu bila adabu. Mwalimu wa shavu la pili anapigwa mwenyewe, nasi tunapata nafasi ya kuona alichomaanisha. Hakurudisha pigo, wala hakutaka wanafunzi wake wamlipizie, kwa maana Petro alikuwa amekwisha kuamriwa bustanini achomeke upanga wake alani. Lakini pia hakunyamaza. Alisema: "Kama nimesema vibaya, uushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Anadai ushahidi mbele ya watu, katika chumba ambamo kila mwenye madaraka anataka afunge kinywa, na anamtendea aliyempiga kama mtu mwenye akili na dhamiri ambaye anawajibika kwa kitendo cha mkono wake. Swali lile halikujibiwa; Anasi alimpeleka kwa Kayafa akiwa amefungwa. Kila ninapofundisha somo hili huwaomba wanafunzi wakae na aya hiyo kwa muda mrefu kuliko aya nyingine yoyote, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo sisi tumezoea kuyatenganisha, yaani kukataa kudhuru na kukataa kunyamaza.

Ukirudi sasa kwenye Mathayo 5, utaona kwamba mifano yote mitatu inamhusu mtu aliyekandamizwa na aliye juu yake: anayepigwa kofi la dharau, mdaiwa anayenyang'anywa nguo mahakamani, na mkulima anayelazimishwa na askari wa dola kubeba mzigo, kama Simoni Mkirene alivyolazimishwa kuubeba msalaba. Tena Yesu anataja shavu la kuume. Anayetumia mkono wa kulia hulipiga shavu hilo kwa mgongo wa kiganja, na sheria za Kiyahudi zilizohifadhiwa katika Mishna zinatoza zuzi 200 kwa kofi la kawaida na zuzi 400 kwa kofi la mgongo wa mkono, kwa kuwa hilo la pili linakusudiwa kudhalilisha. Wapo wafafanuzi wanaosema kwamba kila mfano ni mbinu ya kumwaibisha mkandamizaji. Mimi naona wamevuka kidogo kile ambacho maandiko yenyewe yanabeba. Lakini wako sahihi katika jambo hili, kwamba anayegeuza shavu la pili hakimbii, hainami wala halipizi. Anabaki amesimama, na uamuzi wa kitakachofuata hauko tena mikononi mwa aliyempiga peke yake.

Wasikilizaji wa Yesu walikuwa na kumbukumbu ya mambo kama hayo. Mwanahistoria Yosefo anaeleza kwamba Pontio Pilato, mwanzoni mwa utawala wake ulioanza mwaka 26, aliingiza Yerusalemu usiku bendera za kijeshi zenye sanamu ya Kaisari. Watu wakatoka kwa wingi wakaenda hadi Kaisaria, wakakaa mbele ya makao yake siku tano wakimsihi aziondoe. Baadaye Pilato akawazungusha askari wenye panga na kutishia kuwaua. Wakalala chini, wakaziacha shingo zao wazi, wakasema ni heri kufa kuliko kuona sheria yao ikivunjwa. Pilato, ambaye hakuwa mtu wa huruma, aliamuru bendera zirudishwe Kaisaria. Hii ilikuwa Palestina ileile, katika kizazi kilekile, na mtawala ni yuleyule atakayemhukumu Yesu. Kwa hiyo anayesema kwamba maneno ya mlimani yalikuwa wazo la mbinguni lisilowahi kujaribiwa na watu wenye njaa na watoto, hajaisoma historia hiyo.

Kuhusu Warumi 13, nina mambo machache tu ya kusema. Paulo hakuigawa barua yake katika sura. Maneno yanayotangulia mara moja ni "Usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema," na utii anaoutaja unasimama juu ya msingi huo. Aya ya 4 inamwita mtawala "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema," na mtumishi hupimwa kwa kazi aliyotumwa. Paulo mwenyewe, alipopigwa viboko Filipi pamoja na Sila bila hukumu na kisha akaambiwa aondoke kimyakimya, alikataa kutoka gerezani mpaka makadhi waje wenyewe wawatoe, kwa maana walikuwa wamewapiga raia wa Rumi mbele ya watu wote. Hiyo ni Matendo 16, na ni malalamiko yaleyale mnayotaka kuyatoa ninyi. Petro na mitume walikuwa wamesema mapema zaidi mbele ya baraza: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu."

Kwa mwananchi wa Kenya lipo jambo jingine ambalo wahubiri husahau kulitaja. Mamlaka iliyo kuu katika nchi yenu ni Katiba ya mwaka 2010, ambayo ibara yake ya kwanza inasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 37 inawapa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha, na ibara ya 49 inaagiza kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda usiozidi saa 24, isipokuwa pale muda huo unapoishia nje ya saa za kazi za mahakama. Ofisa anayewashikilia vijana siku nyingi bila hakimu kuwaona ndiye aliyeiasi mamlaka, na anayemkumbusha hivyo kwa heshima anaitii.

Sasa nije kwenye swali la pili, la nini kinachobaki mkononi. Sitakwenda mbali kulijibu, kwa sababu nchi yako imelijibu mara moja kwa namna ambayo inastahili kufundishwa katika kila darasa la kipaimara.

Mwezi Agosti 1986, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Taifa la Makanisa, NCCK, waliupinga hadharani mpango wa chama cha KANU wa kura ya mlolongo, ambapo mpiga kura alisimama nyuma ya picha au wakala wa mgombea wake huku kila mtu akimwona. Hoja yao ilikuwa ya kichungaji kwanza: mtumishi wa serikali, mfanyabiashara na mwalimu watatishwa, na mchungaji akipanga mstari atakuwa ameligawa kundi lake. Walijua wanachokifanya. Tangu 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na watu walikuwa kizuizini kwa maneno machache kuliko hayo. Makanisa yenyewe hayakuwa na sauti moja. Africa Inland Church, kanisa alilosali Rais Moi, lilijitoa NCCK mwaka huohuo. Mlolongo ulitumika katika uteuzi wa wagombea wa mwaka 1988, na kanuni ilikuwa kwamba anayepata asilimia 70 au zaidi amekwisha kuchaguliwa bila kura ya siri. Mahali pengi mwenye mstari mfupi alitangazwa mshindi mchana kweupe. Jarida la NCCK lililoyaandika hayo lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Tazama silaha zilizotumika. Askofu David Gitari wa Mount Kenya East alikuwa akihubiri aya kwa aya kutoka kitabu cha Danieli, kuhusu maofisa waliomtegea mtu mwadilifu mtego wa sheria, na waliosikia walijua anawazungumzia nani ingawa hakumtaja mtu. Mwezi Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku na watu wenye silaha. Yeye akapanda paani akapiga kelele za kuomba msaada, majirani wakaja, akaokoka, na akaendelea kuhubiri. Askofu Henry Okullu alifanya kazi hiyo Kisumu. Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, PCEA, aliuanza mwaka 1990 kwa mahubiri yaliyouliza tawala za chama kimoja barani Afrika zinajifunza nini kutokana na zile zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki, na kwa hilo alitukanwa na mawaziri kila siku. Hawa walikuwa na mimbari, Biblia na uamuzi wa kutofunika kombe. Mwezi Desemba mwaka huohuo KANU iliufuta mlolongo, na Desemba 1991 Bunge likafuta kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati huo, kilichoruhusu chama kimoja tu.

Ukweli unanitaka niongeze kwamba mahubiri hayakufanya kazi peke yake. Wapo wanasheria, wanasiasa waliofungwa, wananchi waliouawa katika siku za Saba Saba, yaani maandamano ya Julai 1990 ya kudai vyama vingi, na wafadhili waliosimamisha misaada Novemba 1991. Lakini katika miaka ambapo karibu kila kinywa kingine kilikuwa kimefungwa, ni kanisani ambako neno la kwanza lilisemwa na kurudiwa, mpaka woga wa watu wengine ukaanza kupungua.

Kisha wakaja akina mama, na hapa naomba tukae kidogo. Tarehe 28 Februari 1992, kina mama waliokuwa na watoto gerezani kwa sababu za kisiasa, akiwemo Monica Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, walimwendea Mwanasheria Mkuu Amos Wako, kisha wakaketi katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi na kuanza kufunga kula pamoja na Wangari Maathai. Wengi walikuwa wazee. Hawakuwa na chama wala ulinzi. Watu wakaanza kufika pale na kusimulia hadharani mateso waliyotendewa na polisi, mambo ambayo hawakuwa wamethubutu kuyasema hata kwa jamaa zao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa gesi ya kutoa machozi na virungu. Maathai alipigwa mpaka akazirai, na baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari, kitendo ambacho katika mila zao ni laana nzito kwa mwanamume anayeinua mkono dhidi ya mama yake. Waliobaki wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, lililo karibu na bustani hiyo, wakakaa katika chumba cha chini ya kanisa kwa muda wa karibu mwaka mmoja, huku serikali ikitaka waondolewe na kanisa likikataa. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliowadai walikuwa wameachiliwa.

Ulipouliza Mkristo asiyetumia nguvu anabaki na nini, niliwafikiria wale mama. Walikuwa na majina ya watoto wao, miili yao, mahali pa kukaa panapoonekana na kila mpita njia, na kanisa lililokubali kubeba hatari pamoja nao. Serikali yenye jeshi ilijua namna ya kushughulikia bunduki; jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilikuwa limezimwa kwa siku chache na kuupa utawala sababu ya kukaza kamba. Haikujua la kufanya na bibi aliyekaa chini na kukataa kuondoka.

Hata hivyo nisikufiche gharama. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kutamka hadharani kwamba akifika huko hatatoka akiwa hai. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji; Luwum akauawa tarehe 16 Februari 1977. Kinshasa, tarehe hiyohiyo mwaka 1992, Wakristo waliandamana baada ya ibada ya Jumapili wakidai Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliokuwa umesimamishwa, ufunguliwe tena. Askari waliwafyatulia risasi na kuua watu wengi waliokuwa wameshika Biblia, rozari na matawi. Mkutano ulifunguliwa mwezi Aprili, lakini Rais Mobutu alibaki madarakani miaka mitano zaidi. Sitamwambia kijana yeyote kwamba njia hii haina damu. Tofauti yake na njia ya mawe ni kwamba damu ya mwenzako, hata ya askari aliyetumwa, haitakuwa mikononi mwako.

Ipo hatari nyingine ambayo inaniumiza zaidi, kwa sababu inatoka ndani yetu. Kanisa lilelile lililosimama imara miaka ya 1986 hadi 1992 liligawanyika kwa makabila na vyama kabla ya uchaguzi wa 2007. Machafuko yalipoanza, halikuwa na sauti ya kuwazuia wauaji, kwa kuwa kila upande ulikuwa umekwisha kuwasikia wachungaji wake wakishangilia mgombea. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Mwezi uliofuata viongozi wa NCCK walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande na wakaomba msamaha. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mchungaji wako ana ujasiri wa kuikosoa serikali, jiulizeni ninyi vijana kama mtakuwa na ujasiri uleule siku ambayo dhalimu ni mtu wa kwenu. Asiyeweza kufanya hivyo ana hasira ya upande mmoja tu, na hasira hiyo ikipewa kiberiti itawaka.

Umetaja pia wenzako wanaosema ni lazima mawe. Usiwahukumu haraka. Albert Luthuli, Mkristo aliyeongoza ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, alivuliwa uchifu mwaka 1952 kwa sababu hakukubali kuacha harakati, na akasema wakati huo kwamba alikuwa ametumia miaka thelathini akibisha hodi kwa subira katika mlango uliofungwa. Yeye hakuiacha imani yake katika njia isiyo ya mabavu. Lakini Mandela na wenzake walipohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1964, alisema kwamba hakuna awezaye kuwalaumu watu jasiri na waadilifu kwa kutafuta haki kwa njia za nguvu baada ya milango yote kufungwa. Mimi nashika misimamo yake yote miwili kwa pamoja: sitarusha jiwe, na sitasimama upande wa aliyefunga mlango nikamlaani aliyelirusha.

Jambo la mwisho linahusu matayarisho, maana hapa ndipo vikundi vingi vya makanisa hushindwa. Watu hudhani kwamba kutotumia mabavu ni suala la moyo mwema, ambao utajitokeza wenyewe gesi ikirushwa. Haujitokezi. Mchungaji James Lawson wa Kanisa la Methodisti aliwafundisha wanafunzi wa Nashville, nchini Marekani, miezi kadhaa kabla hawajaketi katika mikahawa ya Wazungu kupinga ubaguzi wa rangi tarehe 13 Februari 1960. Walifanya mazoezi ya kutukanwa, kusukumwa na kumwagiwa vitu bila kurudisha, na asiyeweza hakupelekwa mstari wa mbele. Katika harakati hizohizo huko Birmingham mwaka 1963, kila aliyejitolea kuandamana alitia saini kadi ya ahadi kumi, na ya kwanza ilikuwa kutafakari kila siku mafundisho na maisha ya Yesu.

Basi mnaweza kuanza na kazi ndogo: kuandika majina ya waliokamatwa, kituo walikoshikiliwa na saa walizokaa, kumtafuta wakili kupitia chama cha wanasheria, kupeleka barua kwa baraza la wazee wa kanisa mkiomba majina hayo yatajwe katika maombi ya Jumapili, na kuiandika kwa heshima kiasi kwamba atakayeikataa atalazimika kutoa sababu. Wale wenzako wa mawe waiteni kwanza. Wana ujasiri ambao wengi katika kwaya na kamati hawana, na siku mtakapoandamana mtahitaji watu wa kutembea pembezoni mwa msafara, kumzuia kijana mwenye jiwe mkononi, na kuongea na askari kwa sauti ya chini. Kazi hiyo wapeni wao, baada ya mazoezi.